Mdogo wangu, saa ile ungeiweka mfukoni

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia huku, watu wasome. Mama anasema nikuache, utapoa mwenyewe. Nimekuacha vya kutosha.

Ualimu unao, watoto wanakupenda hata naona wivu. Lakini siku ile uliyonialika darasani kwako haijanitoka. Ulimsimamisha yule binti wa dawati la nyuma, ukashika saa, ukamwambia asome. Akafika kwenye "walipotuona". Wa. Li. Po. Kidole kikagota hapo. Akarudi mwanzo, wenzake wakaanza kucheka chinichini, nawe ukasema, "Muda unakwenda." Neno lilimtoka na machozi. Halafu ukamwuliza hadithi inahusu nini. Angejuaje?

LaBerge na Samuels, watafiti wa usomaji, walilieleza hilo tangu 1974: umakini wa msomaji una kikomo, ukiishia kwenye kutambua maneno, wa kuelewa haubaki. Mwaka 1979 Samuels akaandika juu ya kurudia kifungu kifupi kilekile hadi kitiririke. Wewe kila siku ukurasa mpya, kila mtoto sentensi yake, waliobaki wanahesabu zamu itawaangukia wapi.

Anza wewe kusoma, wafuatishe kwa macho. Kisha tangulia sentensi moja moja, waitikie kwa kiimbo chako, wapumue penye mkato. Kisha wote pamoja. Humo mwoga hujificha huku ulimi wake unazoea. Wapange wawili wawili, anayeweza na anayejikongoja. Hadithi ikiwa na mazungumzo, wagawie wahusika: mtoto atarudia maneno ya fisi jioni nzima bila kununa, maana anajiandaa kuigiza. Kupima kwa dakika moja sikatai. Pima pembeni, wewe na yeye tu, umwonyeshe maneno aliyoongeza tangu alipokisoma kifungu hicho mara ya kwanza.

Unasema nilikuvunjia heshima mbele ya wanafunzi wako. Kwa lipi? Nilisogea nikasoma naye, sauti yangu chini ya yake, mpaka aya ikaisha. Ulitaka nikae nitazame? Wewe mwenyewe nani alikufundisha, ukurasa uleule kila jioni, hadi ukawa unaufunua kabla sijaumaliza? Hukuwa mwepesi, usijidanganye. Ulikuwa na dada asiyekushikia saa.

Jumapili njoo tule. Ila ukianza tena habari za heshima, nitakujibu palepale mezani, mama akisikia.