Aliye kwenye ile picha siye marehemu

Wajukuu zangu, hasa nyie mabinti mliokulia huku Australia, Shepparton na Mooroopna,

Mwezi uliopita tulimzika mzee wetu, bibi yenu, na picha mliyoichapisha kwenye karatasi ya ibada haikuwa yake. Ilikuwa ya mdogo wake, yule aliyefia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Karatasi mia mbili, rangi nzuri, maua pembeni, na mtu siye. Tuliogundua tulikuwa vikongwe watatu. Tulitazamana, tukainamisha vichwa, tukanyamaza, maana jeneza lilikuwa limeshawekwa mbele na haikuwa saa ya kumwaibisha mtoto wa mtu. Lakini jambo lile limenikaa rohoni wiki nne sasa, na mwenye umri wangu hapaswi kulala na jambo muda wote huo.

Chini ya picha mliandika kwamba alizaliwa tarehe 1 Januari 1940. Nani aliwaambia? Karatasi za wakimbizi. Hebu tazameni vitambulisho vya babu zenu, mama zenu na mashangazi zenu. Nusu ya kanisa letu imezaliwa tarehe 1 Januari! Mnadhani wanawake wa kwetu Fizi, Kongo, walikuwa wakisubiriana wajifungue wote sikukuu ya Mwaka Mpya? Karani wa kambini alikuwa na foleni iliyofika barabarani, na fomu yake ilitaka siku, mwezi na mwaka. Sisi tulikuwa na majibu yetu. Huyu anasema nilizaliwa mwaka ziwa lilipopanda likala nyumba za ufukweni, yule anasema mimi ni mtoto wa wakati wa vita vya waasi wa Mulele. Ziwa lililopanda utaliandika kwenye kisanduku gani? Karani akaweka 1 Januari, mwaka akaukisia kwa kutazama mvi, akamwita anayefuata.

Marehemu aliwahi kunisimulia kwamba vita vya Mulele vilipofika kwao, mwaka 1964, yeye alikuwa msichana ambaye bado hajavunja ungo, na alikimbilia msituni na mdogo wake mgongoni. Pigeni hesabu. Mtu wa 1940 angekuwa na miaka 24 wakati huo, yuko kwa mumewe, ana watoto wawili au watatu. Mmemzika mkiwa mmemzeesha miaka kumi na kitu. Na huyo mdogo aliyembeba mgongoni ndiye mliyemchapisha.

Kisha mmoja wenu akasimama na simu yake akasoma: Bibi alipenda kupika, alipenda wajukuu, alimpenda Mungu. Akakaa. Maneno hayo yangemfaa bibi yeyote wa mji huu, hata yule Mtaliano anayeuza nyanya. Mchungaji akauliza taratibu, mama yake marehemu aliitwa nani? Kimya. Mtu akakohoa. Mimi jina nilikuwa nalo mdomoni.

Tena nisamehewe, ila kilichonichoma zaidi ni habari ya mate. Tulipokuwa tukila baada ya maziko, mjukuu mmoja alinijia na simu, amefurahi kweli. Amenunua mtandaoni kichupa cha kupimia asili kwa dola zaidi ya mia, akatemea, akakipeleka posta, na majibu yamerudi: ramani imepakwa rangi katikati ya Afrika, na asilimia pembeni. Akaniita Koko, yaani bibi, akasema, "Imesema sisi ni watu wa Kongo." Nikamwambia, mke mwenzangu, hilo ningekuambia kwa kikombe cha chai. Akacheka. Mimi sikucheka. Mnasafirisha mate kwenda nchi za watu, na mimi ninakaa mtaa wa pili, mlango haufungwi! Mate yatajuaje kwamba bibi wa mama yako alikuwa mfinyanzi, na kwamba alirudishwa kwao mara mbili kwa sababu ya mbuzi wa mahari? Yatajuaje ni kwa nini ukoo wa baba yako hauli nyama fulani? Mimi najua. Na mimi nina sukari na presha.

Najua mtakalojibu, kwa sababu mmeshanijibu. Koko, hayo ni mambo ya kule, sisi tumekulia kwenye mapeasi ya Shepparton. Sawa. Basi nitawapa mtoto wa mashambani wa nchi hii hii. Mwalimu wetu wa darasa la Kiingereza la wazee ndiye aliyetuletea habari zake, na siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu nikalipita basi langu.

Aliitwa Faith Bandler. Alizaliwa mwaka 1918 Tumbulgum, kijiji cha New South Wales kando ya mto Tweed, akakulia kwenye mashamba ya karibu na Murwillumbah. Mama yake alikuwa na damu ya Kihindi na ya Kiskoti. Baba yake alitoka Ambrym, kisiwa cha nchi inayoitwa leo Vanuatu. Alitekwa mnamo 1883, kijana wa miaka kama 13, akapakiwa melini na kushushwa Mackay, Queensland, kukata miwa. Hakuwa peke yake. Kati ya 1863 na 1904 watu wa visiwa vile waliandikiwa mikataba ipatayo 62,000 ya kazi za mashamba ya Queensland. Wengine walikuja kwa hiari, wengi kwa kudanganywa, na wapo waliokamatwa kama kuku. Watu wa pwani na watu wa maziwa yetu hawahitaji kuelezwa biashara ya namna hiyo. Njia ya misafara ilipita Ujiji.

Baba huyu alitoroka, akashuka kusini, akaoa, akawa mtu wa ndizi na wa kuhubiri. Weupe walimwandika Peter Mussing. Jina lake lilikuwa Wacvie Mussingkon. Sasa sikilizeni: alifariki mwaka 1924, binti yake akiwa na miaka mitano au sita. Mtoto wa umri huo anakumbuka nini? Lakini mzee alikuwa amewahi kuwasimulia watoto alivyochukuliwa, na wakubwa wakayashika, na yule mdogo akayapata. Hakuyaacha yalale. Alipokuwa mtu mzima akafunga safari mpaka Ambrym kwenyewe, na mwaka 1977 akatoa kitabu alichokipa jina la baba yake, lile la nyumbani, Wacvie. Sisi husema mwacha asili ni mtumwa. Yule mzee alifanywa mtumwa, na asili hakuiacha.

Ni huyo huyo Faith aliyezunguka nchi miaka kumi akiomba watu waseme ndiyo katika kura ya maoni ya tarehe 27 Mei 1967, ili wenyeji wa asili wa Australia wahesabiwe katika hesabu ya taifa kama watu wengine, na serikali kuu iruhusiwe kutunga sheria kwa ajili yao. Ndiyo ilipata asilimia 90.77. Mimi huwa najiuliza angeipata wapi nguvu ile kama angekuwa anamjua baba yake kwa jina la Peter tu, mkata miwa.

Nikae kidogo kwenye majina, maana hapa ndipo panaponiuma. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake: huyu la babu, huyu la shangazi, huyu la mvua iliyonyesha siku ile. Tulipofika huku fomu ikataka jina la ukoo. Matokeo yake mnayaona: watoto wanne wa tumbo moja wana majina ya ukoo manne, na shule inampigia mama simu kuuliza kama kweli wote ni wake. Baadhi yenu mmeona aibu, mkachukua la Kizungu lililo mbele mkalifanya la mwisho. Nani kawaambia jina lile la nyuma halina mtu? Kila moja lina mtu. Mmoja wenu anaitwa jina la mwanamke aliyevusha watoto sita ziwani usiku kwa mtumbwi wa mvuvi, na yeye analiandika kwa herufi moja na nukta. Siku ya mtihani wa leseni ya gari nilimwona akilitamka kama Wazungu wanavyolitamka! Nilitamani nishuke kwenye benchi niende zangu.

Na ule mti wa familia mnaopewa shuleni, wenye matawi mawili ya baba na mama. Mwalimu hana ubaya, lakini mti ule ni wa kwao. Baba mkubwa mmemweka wapi? Mama mdogo aliyekunyonyesha mama yako alipougua je? Mtoto wa kaka yangu ni mwanangu, na hilo halina mjadala. Mkiona mti haututoshi, ongezeni karatasi.

Nchi hii nayo isijifanye haina doa. Sheria ya mwaka 1901 iliamuru wengi wa watu wa visiwa warudishwe makwao. Mishahara ya waliokufa ilikuwa imebaki mikononi mwa serikali, na sehemu ya fedha hizo ikalipia nauli za kuwafukuza walio hai. Wajukuu zao walisubiri hadi 1994 serikali kuu iwatambue kuwa ni jamii yenye historia yake. Na hapa hapa mjini kwetu: ule uwanda wa kando ya mto Goulburn, kati ya Mooroopna na Shepparton, mnaoupita kila siku mkienda kazini, waliishi Wayorta Yorta, wenyeji wa asili wa hapa. Mwezi Februari 1939 walisusa manyanyaso ya Cummeragunja, makazi yao yaliyosimamiwa na serikali, wakavuka mto Murray, na baadhi wakaishia pale kwenye vibanda vya magunia na madebe, wakichuma matunda msimu hadi msimu. Malkia Elizabeth alipopita mwaka 1954, wenyeji wanasimulia, barabara ilitundikwa magunia asije akawaona. Mimi niliyeishi miaka kumi na mitatu chini ya turubai ninapita pale na kusalimia kwa moyo. Watoto wa watu wale walikamatwa na serikali, wasichana wakapelekwa kwenye nyumba ya wasichana ya Cootamundra kufundishwa utumishi wa ndani. Walinyang'anywa hata mtu wa kumuuliza. Nyie hamkunyang'anywa.

Hapa lazima nijishtaki. Sisi wazee tumekuwa wagumu. Ukituuliza habari za 1996, mwaka wa vita na kukimbia, tunasema, kula kwanza. Yapo mambo niliyoyaona njiani kuelekea ziwani ambayo siwezi kuyatamka mbele ya mtoto niliyemvalisha nepi. Tulidhani tunawakinga. Tumewakinga mpaka mkabaki hamna kitu, halafu mimi ninakasirika. Basi na mimi nilaumiwe. Lakini jueni namna ya kutuuliza. Mkinikalisha kwenye kiti, simu usoni, na kusema, Koko, tell us your story, nitawaambia Mungu ni mwema na nitanyamaza. Njooni jikoni. Mnipe maharage ya kuchambua. Sombe, yaani kisamvu, ile ya kugandishwa ya duka la Waafrika inachukua muda kuiva, na kabla haijaiva nitakuwa nimeshafika kwenye harusi ya mama yangu bila nyie kuuliza. Mwaka jana binti mmoja alikuja kunisuka tu. Kufika katikati ya kichwa alikuwa amesimamisha kitana, analia.

Mengine ni mafupi. Andikeni kwa penseli nyuma ya kila picha ni nani, wapi, na nani aliyepiga. Picha za kwenye simu zichapisheni. Msimkosoe mzee akichanganya miaka. Ulizeni nani alikuwa rais, nani alikuwa mjamzito. Fungeni karatasi za wakimbizi za UNHCR pamoja, hata zenye makosa, maana nazo ni historia. Daftari za ubatizo zipo kwenye parokia za kule, kama hazikuchomwa, andikeni barua. Walioolewa na watu wa hapa, watafutieni watoto wenu na upande wa baba: magazeti ya zamani ya Australia yapo bure kwenye Trove, tovuti ya Maktaba ya Taifa, na vizazi vya jimbo letu la Victoria vinaandikishwa serikalini tangu 1853. Msiwaachie kaka zenu, hawatafanya. Na mjifunze Kiswahili vizuri, jamani. Mimi mwenyewe cha vitabu nilikipatia Kigoma ukubwani.

Jiwe la kaburi bado halijachongwa. Nimeuliza, fundi anasubiri udongo utulie, na maandishi mliyompa ni yale yale ya 1 Januari 1940. Jina la mama yake marehemu sitaliandika hapa mkapate la kunakili. Picha yake halisi ninayo ndani ya Biblia: amesimama mlangoni kwa jirani Nyarugusu, ana ndoo mkononi, anamkaripia mtu ambaye haonekani.

Jumamosi nipo kuanzia saa nane. Mje na kalamu, na mmoja apitie dukani alete sombe pakiti mbili na mafuta ya mawese, yangu yameisha.

Bibi yenu wa mtaa wa pili