Beah Richards hakuwa "mama yake Poitier" tu

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa burudani kuhusu filamu za Sidney Poitier nimeisoma yote, na nawashukuru kwa kumkumbuka. Ila kuna sentensi moja imenikaa rohoni. Mlipofika kwenye Guess Who's Coming to Dinner ya mwaka 1967 mliwataja Spencer Tracy, Katharine Hepburn na Poitier mwenyewe, kisha mkamalizia kwamba mama yake Poitier naye aliigiza vizuri. Mama yake Poitier! Mwanamke huyo ana jina. Anaitwa Beah Richards, na kwa nafasi hiyo hiyo mliyoipita mbio aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1920 mjini Vicksburg, jimbo la Mississippi. Poitier alizaliwa Februari 1927. Yaani "mama" kamzidi "mwanawe" miaka sita na miezi kadhaa. Ndani ya hadithi, Daktari John Prentice, anayeigizwa na Poitier, ana miaka 37, na Beah alikuwa na 46 filamu ilipopigwa. Pigeni hesabu wenyewe: angekuwa amemzaa akiwa na miaka tisa. Na mle mle ndani, mama wa yule binti wa Kizungu anayetaka kuolewa na daktari aliigizwa na Katharine Hepburn, aliyemzidi Beah miaka kumi na mitatu.

Watazamaji hawakushtuka, na hapo ndipo ulipo ufundi wake. Lakini kuzeeshwa huko hakukuanza siku ile. Mwaka 1956, katika tamthilia ya Take a Giant Step huko New York, nje kidogo ya majumba makubwa ya Broadway, alipewa kuwa bibi kizee wa miaka themanini na ushee, hali yeye hajatimiza arobaini. Filamu ya tamthilia hiyo ilipotoka mwaka 1959 alishushwa ngazi moja, akawa mama. Katika The Miracle Worker, jukwaani Broadway na baadaye kwenye filamu ya 1962, alikuwa Viney, mtumishi wa nyumba ya akina Helen Keller, yule binti kipofu na kiziwi. Katika The Great White Hope ya 1970 alikuwa mama wa bondia aliyeigizwa na James Earl Jones, ambaye Beah alimzidi umri kwa miaka kumi na kidogo tu.

Kijana wa leo anaweza kuuliza kwa nini hakukataa. Akatae aende wapi? Kwa mwanamke mweusi wa Marekani wa miaka ile, tena mwenye ngozi nyeusi tii kama yake, Hollywood ilikuwa na kazi za kuhesabika: mpishi, dobi, yaya, bibi, mama. Hata Dorothy Dandridge, mwenye sura iliyosifiwa dunia nzima na aliyeteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji mkuu kwa Carmen Jones ya 1954, kazi zilimkaukia mikononi. Beah hakuwahi kupewa nafasi ya mwanamke anayependwa, akalilia mapenzi, akachumbiwa, akaachwa. Alipewa kitambaa cha kichwa na mtoto mkubwa.

Sasa naomba twende kwenye tukio lenyewe, maana ndilo linalonifanya niandike. Jioni imeingia San Francisco. Wazazi wa daktari wamefika kwa ndege kutoka Los Angeles na wamekuta habari ambayo hakuna aliyewaandaa kwayo, kwamba mkwe wao mtarajiwa ni Mzungu. Wanaume wawili, baba wa binti na baba wa kijana, wameshikilia msimamo mmoja wa kukataa. Mama Prentice anatoka nje barazani kuzungumza na Spencer Tracy, ndiye baba wa binti. Hapaazi sauti. Anaongea taratibu, kwa adabu za mgeni kwenye nyumba ya watu, halafu anamwambia mwenye nyumba jambo zito: kwamba wanaume wakishazeeka husahau. Husahau jinsi damu ilivyokuwa ikiwachemka kwa ajili ya wanawake waliowaoa, ndiyo maana mwenye nyumba na Mzee Prentice wakiwatazama hawa watoto wanaona tatizo tu, hawauoni moto uliomo ndani yao. Na linalowashangaza yeye na mke wa mwenye nyumba, anasema, ni kwamba waume zao hawakumbuki. Kwani wangekumbuka, wangewezaje kufanya hivi wanavyofanya?

Dakika chache hizo. Kisha anamwacha Tracy peke yake nje, na ni baada ya hapo ndipo mzee anageuza nia, anawakusanya watu wote sebuleni na kutoa ile hotuba ndefu ambayo kila makala huisifu, yenu ikiwamo. Sikilizeni tena hotuba hiyo: mzee mwenyewe anataja kwamba ni maneno ya Mama Prentice yaliyomchoma, alipomwona kuwa mtu aliyekwisha, asiyekumbuka kupenda mwanamke ni nini. Filamu nzima imegeukia pale barazani. Mwandishi anayeichambua filamu hii bila kumtaja aliyeigeuza ameacha kitovu chake.

Uteuzi wake nao una uzito ambao haujasemwa vya kutosha. Kabla yake, wanawake weusi waliowahi kuteuliwa kwenye kundi lile ni watatu: Hattie McDaniel, aliyeshinda kwa Gone with the Wind, kisha Ethel Waters kwa Pinky, kisha Juanita Moore kwa Imitation of Life. McDaniel alikuwa mjakazi, Waters alikuwa bibi anayefua nguo za watu, Moore alikuwa mfanyakazi wa ndani. Beah ndiye wa kwanza kuteuliwa akiwa ameigiza mwanamke asiyemtumikia mtu yeyote: mke wa mstaafu wa posta, amekuja na kofia yake kichwani kula chakula cha jioni kama mgeni. Sherehe yenyewe iliahirishwa kwa siku mbili, ikafanyika tarehe 10 Aprili 1968, kwa sababu Martin Luther King alikuwa ameuawa na mazishi yake yalikuwa tarehe 9. Tuzo ilikwenda kwa Estelle Parsons wa Bonnie and Clyde, na Hepburn akapata ya mwigizaji mkuu.

Mwaka ule ule wa 1967 alikutana na Poitier katika In the Heat of the Night, iliyoshinda Oscar ya filamu bora usiku huo huo. Humo hawana undugu. Yeye ni Mama Caleba, mwenye duka katika mji mdogo wa Mississippi anayewatoa wanawake mimba kwa siri, na Poitier ni mpelelezi anayemwendea usiku akitaka habari na kumtishia jela. Atakayezitazama filamu hizi mbili mfululizo ataona watu wawili tofauti kabisa. Macho ya Mama Prentice yanamtazama mtu kwa huruma. Ya Mama Caleba yanampima mteja, yanapima hatari, yanapima bei. Kuwabadilisha wanawake wawili hivyo ndani ya mwaka mmoja, tena kila mmoja akiwa na dakika chache tu za kuonekana, ni kazi inayowashinda masteringi wengi wanaokaa kwenye skrini saa mbili nzima.

Ila anayetaka kumjua kwa ukubwa wake lazima aende jukwaani. Beah alisoma Dillard University ya New Orleans, akahamia San Diego kujifunza kazi kwenye jumba la Old Globe, ndipo akaenda New York. Mwaka 1964 huko Los Angeles aliingia kwenye The Amen Corner, tamthilia ya James Baldwin, chini ya mwongozaji Frank Silvera, na mwaka 1965 ikapelekwa Broadway. Hapo hatimaye alipata nafasi kuu. Ni Sister Margaret, mchungaji wa kanisa dogo la Harlem, ambaye mumewe mpiga jazi anarudi akiwa mahututi, mwanawe anaanza kumponyoka, na waumini wake wanamgeuka. Beah alikuwa binti wa mchungaji wa Kibaptisti na fundi cherehani. Sauti ya mimbari aliizoea tangu utotoni. Aliteuliwa kuwania Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani. Bado alikuwa mama, lakini safari hii mama mwenye imani yake, hasira yake, makosa yake, na mwanamume aliyempenda. Ndivyo anavyokuwa mwigizaji akipewa mtu kamili wa kuigiza.

Halafu kuna upande ambao jina la "mama yake Poitier" linaufunika kabisa. Kabla Hollywood haijamjua alikuwa mshairi na mwanaharakati, akijulikana kwa jina lake la kuzaliwa, Beulah Richardson. Mwaka 1951 alisimama Chicago kwenye mkusanyiko wa wanawake wapenda amani, wengi wao Wazungu, akawasomea shairi refu kuhusu mwanamke mweusi na mwanamke mweupe. Aliwaeleza bila kuzunguka kwamba vito walivyovishwa na waume zao vilikuwa bei ya kunyamaza huku wenzao weusi wakiuzwa na kudhalilishwa, na kwamba kifungo chao na cha wenzao ni kimoja. Mwaka huo huo yeye na Louise Thompson Patterson walitoa wito uliozaa Sojourners for Truth and Justice, kundi la wanawake weusi lililokwenda Washington kudai haki. Alikuwa karibu na mwimbaji Paul Robeson na mwanazuoni W.E.B. Du Bois, waliotuhumiwa ukomunisti, wakati ambapo ukaribu huo uliweza kumkosesha mtu riziki, na FBI wakamfungulia faili. Mwanamke huyo ndiye aliyevaa kofia ya Mama Prentice na kuzungumza kwa upole barazani. Upole ule ulikuwa chaguo la msanii, maana ukali alikuwa nao tele.

Televisheni ilimpa tuzo mbili za Emmy, ya kwanza mwaka 1988 kwa Frank's Place, ya pili mwaka 2000 kwa The Practice. Waliofuatilia ER miaka ya tisini watamkumbuka kama mama mgonjwa wa Daktari Benton. Mwaka 1998, akiwa na miaka 78, alikuwa Baby Suggs katika Beloved, yule bibi anayewakusanya waliotoka utumwani msituni na kuwahimiza waipende miili yao wenyewe, mikono, shingo, moyo. Huyo ndiye bibi kizee ambaye safari hii umri ulikuwa wake kweli. Ugonjwa wa mapafu ulikuwa ukimtesa, akarudi kwao Vicksburg, na huko akafariki tarehe 14 Septemba 2000, wiki chache tu baada ya Emmy ile ya pili.

Ndugu Mhariri, sikuombi kusahihisha makala iliyokwisha chapwa. Naomba ukurasa wenu umpe Beah Richards makala yake mwenyewe, yenye picha yake na jina lake kwenye kichwa cha habari. Na mkishafanya hivyo, wafuateni wengine wa aina yake, akina Juanita Moore na Ethel Waters, ambao kwenye kurasa za filamu huishia mabanoni. Mwandishi wenu hatakosa pa kuanzia. LisaGay Hamilton, aliyekuwa naye kwenye Beloved na aliyekuwa mwigizaji wa kudumu wa The Practice, alirekodi mazungumzo naye kabla hajafariki na kuyafanyia filamu iitwayo Beah: A Black Woman Speaks. Mle anasikika akijisimulia kwa kinywa chake. Aitazame hiyo kwanza, kisha arudi kwenye baraza la San Francisco.

Msomaji wenu,
Tanga