Roshani zizibwe kwa vioo salama, na hewa iachiwe njia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye majengo ya ghorofa na mafundi wa aluminiamu wa hapa Kigoma, kuhusu jambo linaloninyima raha tangu mwenye nyumba wetu alipoziba roshani zote za jengo kwa vioo, kuanzia sakafuni hadi darini.

Roshani yangu, ghorofa ya tatu, inatazama ziwani, na ndipo tulipokuwa tukipunga upepo jioni huku jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Siku hizi, ifikapo saa tisa alasiri, sakafu yake haikanyagiki kwa miguu mitupu, kwa kuwa mwanga wa jua hupenya kioo bila shida ilhali joto lake halina pa kutokea, isipokuwa kidirisha kimoja cha kusukuma kilichowekwa pembeni.

Linalonitisha zaidi ni jiko la mkaa. Wengi tunaoishi ghorofani hupikia roshani kwa sababu ndipo penye hewa. Roshani ikishazibwa, mkaa uleule hujaza kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humwumiza mtu kichwa, humlegeza, na akizidi kuivuta humwua. Mwezi uliopita nilimkuta binti yangu ameegemea ukuta, mwiko mkononi, maharage yakitokota, akilalamika kizunguzungu. Tangu siku hiyo jiko tunalishusha uani.

Kisha kuna kioo chenyewe. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha, na kile kilichoimarishwa kwa moto, ingawa husambaratika punjepunje, mara chache hupasuka bila kuguswa. Mwaka 2011 vioo vya roshani vilidondoka barabarani kutoka maghorofa ya Toronto, na mwaka uliofuata jimbo la Ontario, Kanada, likarekebisha kanuni zake za ujenzi. Kuna kioo cha tabaka mbili zilizoshikanishwa kwa utando wa plastiki, ambacho hata kikipasuka vipande vyake hubaki vimeng'ang'ania. Chini ya roshani zetu, Mhariri, wapo akina mama wanaouza dagaa kutwa nzima.

Naiomba halmashauri, inapopitisha michoro, itake aina ya kioo iandikwe, na sehemu kubwa ya roshani iweze kufunguka. Mwenye nyumba wetu nimeshamwomba aondoe vioo vya juu. Bado nasubiri jibu lake.

Mpangaji,
Mwanga, Kigoma.