Barua ya malalamiko: spinosaurusi wenu anazama kilindini kama nyangumi

Kwa meneja wa uchapishaji,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu wa huku Mwanza, mwezi wa tatu nililipa shilingi 68,000 nikanunua seti yenu ya dinosaria, yaani kitabu, bango la ukutani na yule mnyama wa plastiki, zawadi ya binti yangu wa darasa la nne ambaye ukimtajia dinosaria hata chakula anasahau. Karatasi nzuri, mzigo ulifika mapema, hapo sina neno. Kinachoniuma ni ukurasa wa 42 na lile bango lake, alafu na jibu nililopewa na watu wenu wa huduma kwa wateja.

Kwenye ukurasa huo mmemchora spinosaurusi, yule dinosaria mkubwa mwenye pua ndefu kama ya mamba, yuko katikati ya bahari, chini kabisa kwenye giza, kakunja miguu anamkimbiza papa, na maelezo yanasema wanasayansi wamethibitisha kwamba aliwinda kwa kupiga mbizi kama nyangumi. Wamethibitisha! Mtoto akaamini, kwanini asiamini wakati ni kitabu. Siku ya maonyesho shuleni akasimama na bango lenu akaeleza mbele ya wenzie, mwalimu akamuuliza kwa upole tu, sasa mnyama ana tanga mgongoni kama la jahazi, miiba ya mifupa inayolishikilia peke yake inazidi mita moja na nusu, anazamaje na kugeuka haraka na lile tanga? Akakosa jibu. Alirudi nyumbani analia, sio kwa sababu ya maksi, ni kwa sababu kitabu chake alichokipenda kimemwacha peke yake mbele za watu.

Basi ikabidi tukae na simu jioni kadhaa tusome wote wawili, na ndo nikagundua kuwa hilo jambo mnalosema limethibitishwa bado linapiganiwa mpaka leo, tena ugomvi wenyewe ni mtamu kuliko picha yenu.

Kwanza hapakuwa baharini. Mifupa inayojulikana zaidi imetoka Moroko, sehemu za Kem Kem, na Misri kwenye oasisi ya Bahariya, na miaka milioni 95 hivi iliyopita Kem Kem ilikuwa nchi ya mito mikubwa na Bahariya ilikuwa pwani ya mikoko. Samaki wa ile mito mnawajua? Kulikuwa na jamii ya kamongo. Kamongo! Mtoto wa Mwanza anamjua kamongo, anamuona kwa wauza samaki. Na kulikuwa na ndugu mkubwa sana wa silikanti, yule samaki wa kale anayenasa kwenye nyavu za wavuvi wa Tanga. Mngeandika hivyo mtoto wangu angeruka juu kwa furaha, nyie mkamwekea papa.

Kwamba alikula samaki hiyo haina ubishi mkubwa. Meno yake ni ya mviringo yamechongoka, hayana makali ya msumeno ya kukatia nyama, ni ya kushikilia kitu kinachoteleza kama meno ya mamba. Ncha ya pua ina vitundu vingi kama vya mamba, ambavyo mamba anavitumia kuhisi maji yakitikisika hata kama haoni kitu. Kuna taya moja la Moroko limekutwa na pingili ya uti wa mgongo wa samaki mwenye pua ya msumeno imekwama palepale kwenye shimo la jino. Na binamu yake, dinosaria anayeitwa barioniksi, aliyepatikana Uingereza mwaka 1983, alikutwa na magamba ya samaki sehemu ya tumboni, pamoja na mifupa ya dinosaria mchanga anayekula majani, kwahiyo hawa wanyama wakikuta kitoweo cha nchi kavu walikuwa hawakiachi.

Ubishi uko kwenye namna alivyowakamata hao samaki. Mwaka 2014 mtafiti wa mifupa ya kale Nizar Ibrahim na wenzake walionyesha mifupa mipya ya Moroko, miguu ya nyuma mifupi na mifupa iliyojaa, haina uwazi mkubwa ndani, wakasema huyu ni mnyama wa maji kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Nikamwambia binti yangu fikiria kiboko, mifupa yake mizito ndo inamsaidia kutembea chini ya maji bila kuelea, akaelewa hapohapo. Mwaka 2020 wakaja na mkia, mpana wima kama kasia, wakatengeneza mfano wa plastiki wakaufunga kwenye mashine ndani ya maji, ukasukuma vizuri kuliko mikia ya dinosaria wengine wala nyama waliyoilinganisha nayo. Hapo ndo mlipoishia nyie. Mmechukua mkia mkafunga mjadala.

Lakini mtafiti mwingine, Donald Henderson, alishapiga hesabu kwa kompyuta mwaka 2018 akaona huyu mnyama angeelea, kuzama kungemshinda, tena alikuwa rahisi kulala ubavu majini. Sababu ni kwamba mwili wa dinosaria wa aina hii ulikuwa na mifuko ya hewa kama ya ndege, kwahiyo mifupa inamvuta chini na hewa inamrudisha juu. Mwaka 2021 David Hone na Thomas Holtz wakasema mfikirieni kama ndege korongo, anasimama ukingoni au anatembea kwenye maji ya kina kifupi, shingo ndefu imejikunja, anasubiri, samaki akipita anadaka. Tundu za pua zimekaa nyuma mbali na ncha, kwahiyo anaweza kutumbukiza mdomo huku anaendelea kuhema. Mwaka 2022 Matteo Fabbri na wenzake wakarudi na vipimo vya jinsi mifupa ya wanyama wengi ilivyojaa ndani wakasema hapana, aliwinda chini ya maji, na mwaka huohuo timu ya Paul Sereno ikajibu kwamba angeogelea polepole, chini ya mita moja kwa sekunde, na kwenye kina kirefu angeyumba. Mwaka 2024 vile vipimo vya mifupa navyo vikapingwa jinsi vilivyofanywa.

Sasa mnaona? Mimi binafsi naegemea kwa korongo, kwa sababu ya lile tanga na ile spidi ndogo, ila mkia unanitatiza, mkia wa namna ile haukui bure. Binti yangu yeye anasema alikuwa mamba kidogo na korongo kidogo, anatembea kwenye maji ya kifuani na akihamia upande wa pili wa mto ndo anatumia mkia. Hamna anayeweza kumwambia kakosea. Mtoto wa miaka kumi anakaa kwenye mjadala mmoja na maprofesa kwa sababu tu amewahi kumuona korongo na kiboko, na hiyo nafasi ndo mliyomnyima.

Nilipopiga simu kuwaeleza, dada aliyepokea akaniambia mama hicho ni kitabu cha watoto tu, picha lazima ivutie. Hilo neno "tu" sikulipenda na sitalipenda. Mifupa ya kwanza ya huyu mnyama ilichimbwa Misri mwaka 1912, mtafiti Mjerumani Ernst Stromer akampa jina mwaka 1915, ikahifadhiwa Munich, Ujerumani, na usiku mmoja wa Aprili 1944 mabomu ya vita yakaiteketeza yote, vikabaki michoro, maandishi na picha chache. Sisi ambao mifupa ya dinosaria wetu wa Tendaguru, kule Lindi, iko Berlin mpaka leo tunajua inavyokuwa kumsoma mnyama wa kwenu kutoka mbali. Kitabu chenu kinasema tu alitoka Afrika. Misri haipo, Moroko haipo, Stromer hayupo, moto haupo.

Ninachoomba sio kurudishiwa hela. Toleo lijalo ukurasa wa 42 mchore mto sio bahari, neno wamethibitisha litoke, na mawazo yote mawili yachorwe, anayesimama kama korongo na anayeogelea kwa mkia, mtoto achague na atoe sababu zake. Kwa ambao tulishanunua, chapisheni stika ya ukubwa wa ukurasa tubandike juu, na bango jipya. Nawapa wiki tatu za kunijibu kwa maandishi, simu sitaki tena.

Stika zikiwa tayari nitumieni nne, moja ya kwetu na tatu za shuleni, maana maktaba yao nao walinunua vitabu vitatu.

Wenu,
Mama wa mwanafunzi wa darasa la nne, Mwanza