Barua kwa mwanangu: kikokotoo hakijui ulikotoka

Mwanangu,

Karatasi yako ya zoezi uliyoisahau mezani nimeiona. Usikasirike, sikuwa nachungulia, nilikuwa nafuta meza. Maksi nimeziruka. Kilichonisimamisha ni swali la nne. Uliulizwa sin⁻¹(sin 150°), ukajibu 150°, ukakoseshwa kwa wino mwekundu, na pembeni umeandika kwa penseli, kwa herufi ndogo: kwa nini??? Alama tatu za kuuliza. Jibu uliloandikiwa ni 30° tu, bila neno la ziada.

Nakuandikia kwa ajili ya hizo alama tatu. Tungeongea ana kwa ana, dakika ya pili tu ungesema "nimeelewa, mama" ili nikuachie.

Kwanza nikutetee. Ulichofikiri kina akili: saini (hiyo sin, inayoigeuza pembe kuwa namba) inavalisha, kinyume chake (sin⁻¹) kinavua, kwa hiyo mtu anabaki kama alivyokuwa. Ukijumlisha 7 kisha ukatoa 7, unarudi ulipoanzia, hakuna ubishi. Sasa chukua −5. Ipandishe kwenye kipeo cha pili, unapata 25. Tafuta kipeuo cha pili cha 25. Kikokotoo kinakupa 5. Ile alama ya hasi imepotelea njiani, na hakuna aliyeiba: 25 haikumbuki kama ilizaliwa na 5 au na −5.

Saini nayo (siyo ile unayoweka chini ya barua) ndivyo ilivyo, tena imezidi. Saini ya 30° ni 0.5. Ya 150° ni 0.5. Ya 390° ni 0.5, na ya −210° vilevile. Ukiita "Mama!" mahali walipo akina mama kumi, wote watageuka. Kikokotoo hakiwezi kukuletea wote kumi, kwa sababu funksheni ikipewa namba moja inatakiwa itoe jibu moja. Basi wanahisabati wakakubaliana nani aitike. Kwa saini huitika pembe iliyo kati ya −90° na 90°. Kwa kosaini (cos), kati ya 0° na 180°. Kwa tanjenti (tan), kati ya −90° na 90° pasipo kuzigusa zenyewe, maana pale tanjenti haipo.

Kwa nini kosaini ipewe eneo lake peke yake? Chora grafu yake kuanzia −90° hadi 90°, utaona inapanda kisha inashuka, kila thamani kuanzia 0 lakini chini ya 1 inapita mara mbili, na hasi haifiki kabisa. Ukianzia 0° hadi 180° inateremka tu, kutoka 1 hadi −1, kila thamani mara moja. Usiikariri hiyo mipaka. Chora, utaiona.

Kwa hiyo swali lako la nne lilikuwa linauliza hivi: katika pembe zilizoruhusiwa kuitika, ni ipi yenye saini sawa na ya 150°? Hapo 30° inajitokeza yenyewe. Lakini angalia, lingekuwa cos⁻¹(cos 150°), jibu lako la 150° lingekuwa sahihi kabisa.

Jambo jingine nililoliona ni swali la pili, ambako sin⁻¹ umeigeuza ikawa moja juu ya saini. Hapo sikulaumu hata kidogo, alama yenyewe ina hila. Tukiandika sin²x tunamaanisha saini iliyopandishwa kipeo cha pili, halafu ile −1 ikikaa mahali palepale tunaipa maana nyingine! Mwandiko huu uliletwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1813, naye alitaka tarakimu ya juu ihesabu ni mara ngapi funksheni inatendwa, kwa hiyo kwake sin² ingekuwa saini ya saini. Nusu ya wazo lake tuliichukua, nusu tukaiacha, na wanafunzi ndio wanaolipa. Ukiweza, andika arcsin. Hiyo "arc" ni tao: kwenye duara lenye nusu kipenyo cha 1, pembe kwa rediani (kipimo kingine cha pembe badala ya nyuzi) ndiyo urefu wa tao lenyewe, kwa hiyo unauliza tu "ni tao lipi lenye saini hii?"

Sasa nikusimulie nilivyoingia mkenge mimi mwenyewe. Nilikuwa najifunza upimaji wa ardhi. Nikapewa kazi ya kwenda kusimika kigingi mita 30 magharibi na mita 40 kusini ya pale tuliposimama. Nikaandika −30 na −40, nikagawanya, nikapata 0.75, nikabonyeza tan⁻¹, kikaja 36.87°. Nikapima pembe hiyo kutoka kaskazini kwa mwendo wa saa, nikavuta utepe mita 50 sawasawa, nikapigilia kigingi changu kwa madaha. Wenzangu walikuwa wanacheka hadi wanakaa chini. Nilikuwa nimekwenda kaskazini-mashariki. Kigingi kilitakiwa upande wa pili kabisa, mita 100 kutoka nilipokuwa nimesimama na nyundo yangu.

Hesabu haikuwa na kosa hata tarakimu moja. Hasi kwa hasi ikatoa chanya, na ilipotoa chanya ikafuta habari ya upande. Namba 0.75 haikujua kama natoka kaskazini-mashariki au kusini-magharibi, na tan⁻¹ ikaniitikia kwa pembe iliyozoea. Nilitakiwa kuongeza 180°, nipate 216.87°. Ndiyo maana lugha nyingi za programu zina funksheni iitwayo atan2, inayopokea namba mbili bila kuzigawanya kwanza, ili alama zisipotee. Tangu siku ile sibonyezi tan⁻¹ kabla sijachora mshale kwenye karatasi, hata kama ni mbaya kama kucha ya kuku.

Kuchora kwenyewe kunakuokoa kuliko unavyodhani. Swali la tano, cos(sin⁻¹ ⅗), ulitumia kikokotoo ukapata 0.8000001 baada ya kukadiria katikati. Kiweke kando. Sema moyoni: sin⁻¹ ⅗ ni pembe. Ni jina la pembe, basi. Ichore: pembetatu mraba, upande unaoitazama pembe hiyo ni 3, kiegama (upande mrefu kuliko yote) ni 5. Pythagoras anakupa upande uliobaki, 4. Kosaini ni 4 juu ya 5. Umemaliza, na hukuijua pembe yenyewe ni nyuzi ngapi wala hukuihitaji. Wakikupa x badala ya ⅗, chora vilevile: upande x, kiegama 1, uliobaki ni √(1 − x²). Na kipeuo hicho hatukiwekei alama ya hasi, kwa kuwa kati ya −90° na 90° kosaini haiwi hasi. Unaona ule mpaka unavyorudi kufanya kazi?

Pembetatu hiyohiyo inakuonyesha kwa nini sin⁻¹ 2 inaleta neno la kosa kwenye kioo. Ungehitaji upande unaoupita kiegama kwa urefu.

Swali la mwisho uliliacha wazi: tan⁻¹ 1 + tan⁻¹ 2 + tan⁻¹ 3. Hili ndilo zuri kuliko yote, umeniuma kulikimbia. Anza na mbili za mwisho. Kwa kanuni ya kujumlisha pembe, tanjenti ya jumla ni tanjenti zao zikijumlishwa (2 + 3), ukigawanya kwa moja toa tanjenti zao zikizidishwa (1 − 6), yaani −1. Ukiharakisha utabonyeza tan⁻¹(−1) na kuandika −45°. Ngoja. Tan⁻¹ 2 ni kubwa kuliko 45°, tan⁻¹ 3 nayo ni kubwa kuliko 45°. Jumla yake itakuwaje hasi? Lazima izidi 90° na isifike 180°. Katika eneo hilo, pembe yenye tanjenti −1 ni 135°. Ongeza 45° ya tan⁻¹ 1, unapata 180° kamili. Namba tatu za kwanza unazojifunza kuhesabu zinatengeneza pembe za pembetatu moja.

Kuna ndugu yake mdogo nataka ulifanye kwa mkono, bila kanuni yoyote. Chukua karatasi ya vyumba. Weka nukta, iite O. Kutoka O nenda vyumba 2 kulia na 1 juu, weka A. Rudi O, nenda vyumba 3 kulia na 1 chini, weka B. Unganisha zote tatu. Mstari wa OA unainuka juu ya mlalo kwa tan⁻¹ ½ (chumba 1 juu kwa vyumba 2 vya kulia), ule wa OB unashuka kwa tan⁻¹ ⅓, kwa hiyo pembe iliyo O ni jumla yake. Sasa tazama kutoka A kwenda B: chumba 1 kulia, vyumba 2 chini. Ni hatua zilezile za OA zilizogeuzwa robo mzunguko. Urefu ni sawa na kona ya A ni mraba. Basi pembe ya O ni 45°. Ukigawanya jumla ya aina hii kwa werevu unapata njia ya kukokotoa pai: mwaka 1706 mwanahisabati John Machin alitumia tan⁻¹ ya ⅕ na ya 1/239 akafikisha tarakimu 100, kwa kalamu na wino.

Karatasi yako nimeirudisha kwenye daftari, ukurasa wa nyuma. Penseli yenye ncha na karatasi ya vyumba viko juu ya droo. Ukimaliza ile ya O, A na B, jaribu cos⁻¹(cos 200°) kabla sijarudi, na uniandikie jibu pembeni kwa herufi zako ndogo.

Mama yako