Kaka, kauli ile bado hujaifuta

Kaka, shikamoo.

Wifi ameniambia fomu za chuo cha ukutubi Bagamoyo umezikataa. Binti yako anataka ukutubi, kazi hii yangu ya maktaba, wewe unataka uhasibu. Simu yangu hupokei, basi soma hapa pamoja na watu wengine.

Siku ya arobaini ya mama, sinia za pilau zimeshashushwa, mashangazi wote wamekaa mkekani, ukasema, "Ukoo huu mlinzi wa vumbi mmoja anatosha." Wakacheka. Mimi nilikuwa na birika nanawisha watu. Ilipofika zamu yako, nikakunawisha nawe.

Hivi unajua ninachofanya kutwa nzima? Mwanafunzi ananijia na orodha ya marejeo, nusu ya vitabu vyake havipo duniani, programu ya simu imevitunga. Nani anamwonesha? Simu hiyo unayosema imetuua sisi wakutubi ndiyo inayoniletea kazi. Mwandishi akitaka ISBN, namba ya utambulisho ya kitabu chake hapa nchini, anakwenda Bodi ya Huduma za Maktaba. Na riwaya ya Kiswahili iliyokwisha madukani tangu miaka ya 70 unaipata leo kwa sababu kuna mtu aliipa namba 896.392, namba ya rafu ya fasihi ya Kiswahili, akairudisha rafuni kila ilipoazimwa.

Ajira ni chache, hapo sibishi. Shule ngapi zina chumba kilichoandikwa Maktaba, ndani madawati mabovu, na ufunguo haujulikani uko kwa nani! Lakini wahasibu wangapi wanaendesha bodaboda? Binti akijua Koha, programu ya kuendeshea maktaba, akijua kuskani nyaraka na kuzitunza zisipotee, hatakaa bure. Mbona mimi sikukaa? Mshahara huu wa vumbi ndio ulionunua dawa za mama, wewe uko Muscat. Pesa ulizotuma nazikumbuka, usinielewe vibaya. Ila usiku nilikesha mimi.

Tena wewe ndiye uliyenidhamini kadi yangu ya kwanza pale Maktaba Kuu, Mtaa wa Bibi Titi. Ukanihadithia kwamba Mwalimu aliifungua siku ya Uhuru, 1967. Nikikunja kona ya ukurasa unanipiga kofi la mkono. Mlinzi wa vumbi ulimlea mwenyewe, Kaka.

Ada ya muhula wa kwanza nitalipa mimi. Kauli yako uifute wewe, mbele ya mashangazi, maana wao ndio waliocheka.