Mheshimiwa, tafi wachanga wanaishia kwenye karai

Kwa Mheshimiwa Waziri anayesimamia uvuvi, Kaunti ya Mombasa.

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima. Jumamosi jioni nilisimama kando ya karai la mama karanga mmoja, mkaangaji na muuzaji wa samaki, hapa Bamburi. Alikuwa akikaanga tafi. Nikamwomba mmoja ambaye hajaingia mafutani, nikamlaza kiganjani: kichwa kwenye ncha ya kidole cha kati, na mkia haukufika hata kwenye kifundo cha mkono. Tafi wa kimo hicho hajataga hata mara moja. Mama yule simlaumu. Wateja wake wana shilingi chache, naye anauza kile kinachoteremshwa ufuoni. Nakuandikia kuhusu njia iliyomfikisha samaki yule pale.

Kazi yangu ni kupeleka wageni kuzamia mwambani, katika eneo la bahari lililohifadhiwa tangu mwaka 1986. Wageni huja wakiuliza kasa. Wakitoka majini, wengi husimulia tafi. Kundi hushuka juu ya majani ya bahari kama mbuzi waliofunguliwa zizini, vichwa vyote vinainama, na vile vimidomo vidogo vinakwanyua mwani haraka haraka. Ukiwasogelea mno, ngozi inabadilika papo hapo ikawa mabaka mabaka, halafu kundi zima linageuka kwa pamoja na kwenda zake.

Malisho hayo yana faida kwetu. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kali, matumbawe mengi ya pwani yetu yalikufa, na mwani ukapata mawe matupu ya kuota. Tumbawe changa halishiki mahali palipotanda mwani. Wanaolisafishia nafasi ni samaki walao mwani: tafi, pono, kangaja. Tukiwamaliza hawa, huo mwamba ninaopelekea wageni utabaki zulia la mwani.

Marehemu babangu alikuwa msukaji wa madema, ile mitego ya samaki ya fito. Nilimwona akichomwa na tafi siku moja alipokuwa akimwaga dema ndani ya hori, mtumbwi wake mdogo. Samaki huyu ana miiba 13 mgongoni, 7 nyuma ya tumbo, na mingine kwenye mapezi ya tumboni, yote ina sumu. Mzee alitumbukiza mkono kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, kwani sumu ile huvunjwa na joto, akakaa kimya mpaka uchungu ukatulia. Kesho yake alirudi baharini. Lakini madema yake yalikuwa na macho, yaani matundu ya msuko, mapana. Alisema mtoto wa samaki hana bei, mwache akakue.

Siku hizi macho yamebana. Nikipita karibu na dema chini ya maji naona tafi wadogo wakizunguka ndani, wamefuata mwani uliotiwa kama chambo, wakitafuta pa kutokea. Hawapati. Juya, wavu wa kukokota, lilipigwa marufuku mwaka 2001, na ni vizuri. Dema ni mtego halali, na ndiyo maana nakuandikia wewe badala ya kwenda polisi.

Dawa ipo, tena si ya gharama. Ni mwanya mrefu mwembamba ulioachwa wima kwenye pembe ya dema. Tafi ni samaki bapa. Mdogo hupenya hapo akatoka, mkubwa unene wake unamzuia. Madema ya namna hii yamejaribiwa na watafiti pamoja na wavuvi katika pwani hii yetu ya Kenya. Wadogo walitoroka, waliobaki walikuwa wakubwa zaidi, na kipato cha mvuvi hakikuanguka kwa sababu samaki mkubwa ana bei yake.

Najua hofu iliyoko ufuoni. Mvuvi anajiambia: mimi nikifungua mwanya na jirani asifungue, nimemlisha jirani. Hofu hiyo ni ya haki. Mtu mmoja mmoja hawezi kuiondoa, ndiyo maana tunahitaji serikali.

Ninaomba kaunti ikae na vikundi vya usimamizi wa fuo kuanzia Likoni mpaka Bamburi, wakubaliane upana wa mwanya, kisha igharamie fito na ujira wa wasukaji ili kila dema la zamani libadilishwe kwa jipya, wote kwa wakati mmoja. Asinyang'anywe mtu chochote kabla hajapewa kingine. Na mama karanga waitwe kwenye kikao, maana miezi ya mwanzo wao ndio watakaokosa samaki wa bei nafuu, na wanastahili kuelezwa na kusaidiwa mapema.

Kuhusu muda: utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba tafi wa pwani ya Kenya hutaga hasa Januari na Februari, kisha Mei na Juni. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Fungu la madema likiingizwa katika bajeti ijayo, wasukaji wana miezi sita kamili kabla ya utagaji wa Januari.

Nasubiri jibu lako, Mheshimiwa.

Mpeleka wageni mwambani,
Bamburi, Mombasa